Ndoo Moja kwa Siku

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa kwa kazi maalumu. Kitinda, mwanangu wa mwisho, anataka niandike vipimo vya mtambo wake: ndoo ngapi za taka nimeulisha, maji kiasi gani, na mfuko wa gesi umevimba mpaka alama ya ngapi. Amenichorea mistari kwa rula kama mtoto wa darasa la pili.

"Ndoo moja ya taka, ndoo moja ya maji, kila asubuhi, basi," akasema. "Na usiandike maneno mengi, mama."

Hajui aliyemzaa. Vipimo nitaandika mbele. Huku nyuma, nimeligeuza daftari juu chini na kuanza ukurasa wangu mwenyewe.

La kwanza ninaloandika ni kwamba binti yangu ni fundi wa gesi. Si ile ya mtungi. Yake inatoka kwenye maganda ya viazi na wali uliochacha. Amesoma chuo cha ufundi miaka mitatu na kila mtihani amepita mara ya kwanza. Mtaa mzima wanalijua hilo kwa sababu nimewaambia.

La pili linanikaa kooni. Mtambo wake wa kwanza hakuujenga kwangu. Kaujenga kwa Mshonaji, ng'ambo ya ukuta. Wangu ni wa pili.

Jumanne, 5 Machi

Nimemuuliza kwa nini. Eti ua wa Mshonaji unapata jua tangu asubuhi, na tangi likipata joto hufanya kazi vizuri. Kwetu kuna kivuli cha ukuta mpaka saa tano.

"Kumbe hata jua limemchagua yeye," nikasema.

Baba Kitinda akacheka mpaka chai ikampalia. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumatano, 6 Machi

Ndoo moja. Maji ndoo moja. Mfuko umelala bapa kama nguo iliyoanuliwa.

Jumamosi, 9 Machi

Kwa Mshonaji moto umewaka. Nimeuona kupitia dirisha lake, wa buluu, hauna moshi, unanong'ona tu. Mwanangu amesimama pale na kiberiti mkononi, na yule mama anapiga makofi, kidole bado kina kile kikofia chake cha kushonea. Hana mtoto, hana mume, ana cherehani mbili. Sasa ana moto wa mwanangu pia.

Mimi jioni nimepika kwa mkaa. Nilipuliza kwa hasira mpaka majivu yakaingia kwenye mboga.

Alhamisi, 14 Machi

Umewaka! Na wa kwangu umewaka!

Ngoja nieleze vizuri, maana siku moja wajukuu watasoma. Kuna tangi kubwa jeusi. Unaponda taka za jikoni, unachanganya na maji, unamimina mdomoni mwake. Ndani hakuna hewa, ila kuna vijidudu visivyoonekana vinavyokula zile taka na kutoa gesi. Siku ya kwanza Kitinda alimwaga humo kinyesi cha ng'ombe, ndiyo mbegu ya vijidudu vyenyewe. Gesi inapanda kwenye mfuko mkubwa juu ya banda, halafu inashuka kwa bomba mpaka jikoni. Kinachobaki kinatoka upande wa pili kama uji mwembamba, na ndiyo mbolea ya mchicha wangu.

Nimechemsha maji ya chai mara nne na hatukuwa na kiu. Muuza maziwa nimemwita ndani aone. Mama wa nyumba ya kona nimemwita. Hata yule anayepita kununua chupa tupu nimemwita.

"Mama, umemaliza gesi ya leo yote," Kitinda akasema.

"Basi wameona."

Ijumaa, 15 Machi

Ndoo moja. Alama ya nne.

Jumatano, 20 Machi

Leo Kitinda ametukalisha mimi na Mshonaji pamoja, kwangu. Tarehe 3 Mei wakaguzi wa mradi huu wa gesi watakuja. Mitambo yote miwili ikiwaka vizuri, nyumba zote kumi na mbili za uchochoro wetu zitajengewa, na yeye ataajiriwa kuwa fundi mkuu. Isipowaka, mradi unahamia mtaa mwingine na fundi mwingine. Mpaka siku hiyo, taka za nyumba sita za juu zinakuja kwangu, za nyumba sita za chini zinakwenda kwa Mshonaji.

Halafu kuna jenereta, moja tu, ndogo, inakula gesi hii hii na kutoa umeme wa taa ya uchochoroni. Itakaa kwenye ua ambao gesi yake ni nzuri zaidi.

Taa. Langoni. Watu wakipita jioni waulize, "Hapa ni kwa nani pamewaka hivi?"

Mshonaji akasema, "Mimi popote itakapokaa ni sawa tu, Mama Kitinda."

Mtu akisema "ni sawa tu", jua anaitaka.

Jumamosi, 23 Machi

Ndoo moja. Alama ya nne. Mvua tangu alfajiri.

Kitinda alikuja saa nane, akachungulia mfuko, akaniuliza kama nimekula, akaenda ng'ambo kupima joto la tangi la Mshonaji. Kupima joto ni dakika mbili. Amekaa huko saa nzima na nusu. Nimesikia wanacheka. Kile kicheko chake cha kukoroma, alichokuwa nacho tangu ana meno mawili, sijakisikia humu ndani muda mrefu. Nimemzaa mimi, kicheko kimehamia kwa jirani.

Jumatano, 27 Machi

Baridi na mvua, mvua na baridi. Mfuko wangu umeshuka alama ya tatu. Nikapanda kwenye kigoda kuchungulia wa Mshonaji. Tano.

Baba Kitinda akanikuta juu ya kigoda. "Unatafuta nini?"

"Naangalia kama kutakucha na mvua."

"Mbingu ziko juu, mke wangu. Huko ni kwenye ua wa watu."

Alhamisi, 28 Machi

Nimefikiri hivi. Mtoto akisinyaa unamwongeza uji. Watoto wanne nimewalea, hakuna aliyenifundisha kulisha. Leo nimetia ndoo mbili.

Mbele ya daftari nimeandika moja.

Jumapili, 31 Machi

Mbili. Alama ya tano. Si nilisema?

Jumanne, 2 Aprili

Tatu. Taka za nyumba sita zangu hazitoshi ndoo tatu, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi, kabla Mshonaji hajafungua mlango, nimepitia nyumba za chini pia. Mama wa nyumba ya kona akaniuliza, "Leo unamsaidia jirani?"

"Ndiyo, mgongo unamsumbua."

Mungu anisamehe. Mgongo wake mzima kuliko wangu.

Jumamosi, 6 Aprili

ALAMA YA NANE!

Mfuko umevimba mpaka kamba zinalia. Unaonekana mpaka barabarani, mweusi, umejaa, umetuna kama bibi harusi wa tajiri. Nimesimama langoni asubuhi nzima nikiwa nimevaa ile kanga mpya. Kila anayepita namwonyesha. Muuza maziwa akauliza, "Huu hautapasuka, mama?" Nikamwambia kazi ya mwanangu haipasuki.

Kwa Mshonaji alama ya tatu. Nimeangalia bila kigoda safari hii, nimenyoosha shingo tu.

Jumatatu, 8 Aprili

Mshonaji amekuja na utepe bado shingoni, ule wa kupimia nguo. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mama Kitinda, taka zangu zimepungua. Nyumba za chini nakuta ndoo tupu. Wewe unaona mtu?"

"Labda ni mbwa."

"Mbwa anayerudisha kifuniko?"

Akanitazama. Macho yake yamezoea kutunga uzi kwenye tundu la sindano. Nikamkaribisha chai, akasema ana nguo ya mtu. Akaondoka. Angenitukana ningepumua.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo asubuhi nimefungua bomba, nimewasha kiberiti, pfff. Kiberiti kimezimika. Cha pili, kimezimika. Nimemaliza njiti kumi na nne. Mfuko umejaa pomoni, gesi inatoka, naisikia, inanipuliza usoni, lakini haiwaki. Na ina harufu kali ya siki, kama tunda lililosahaulika kabatini.

Nimemwita Kitinda. Akaja mbio, akachota kidogo kwenye tangi, akachovya kipande cha karatasi chake cha kupimia. Kikageuka rangi. Akakaa chini palepale kwenye matope.

"Tangi limechachuka, mama. Lina kiungulia."

"Kiungulia? Tangi?"

"Ni kama tumbo. Likilishwa kuliko vijidudu vinavyoweza kula, hasa kwenye baridi hii, linatengeneza asidi. Asidi inaua vile vinavyotoa gesi nzuri. Huo mfuko umejaa hewa isiyowaka. Umevimba bure."

Nikatazama mfuko. Wiki nzima nimeutembezea wageni.

Akachukua daftari, akafungua mbele. Ndoo moja, ndoo moja, ndoo moja, mwandiko wangu mzuri umenyooka kwenye mistari yake.

"Mama, vipimo hivi ni vya kweli?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Ningeweza kujifanya sikusikia.

"Ningekudanganya wewe?" nikasema.

Akafunga daftari taratibu. "Basi kosa ni la kwangu. Hesabu ya tangi nimeikosea."

Ijumaa, 12 Aprili

Sikulisha. Amesema tangi lifunge. Mimi pia chakula hakipiti.

Jumamosi, 13 Aprili



Mchana mvua ilikatika nikatoka kuanika nguo. Ukuta wetu ni mfupi na sauti haina ukuta. Nikamsikia mwanangu kwa Mshonaji, analia. Hajalia mbele yangu tangu akiwa na miaka tisa.

"Jumatatu nawaandikia wakaguzi wasije," anasema. "Nimekosea hesabu ya tangi. Kama nimekosea la nyumba moja, nitakosea la nyumba kumi na mbili. Nimeshindwa tena, kama ule mtihani wa umeme."

Mtihani gani?

Mshonaji akasema, "Ule ulirudia mara mbili, ukapita. Na huu utarudia. Lakini nenda ukamwambie mama yako kilichokukaa moyoni."

"Mama? Nikimpa mama kitu kibovu ananirudishia kimepigwa pasi. Atasema ni hali ya hewa. Atasema wakaguzi wananionea wivu. Kesho mtaa mzima watajua mtambo wangu haujawahi kuugua. Siwezi kushindwa kwa mama. Hakuna nafasi."

Nilikuwa nimeshika shati la Baba Kitinda. Nimelikamua mpaka kifungo kikatoka.

Mara mbili amerudia. Nami siku ile niliupikia mtaa chai na kutangaza amepita kama maji. Alikuwa amekaa pembeni kimya, nikadhani ni unyenyekevu. Mshonaji alijua. Miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa nikipiga ngoma, yeye ndiye aliyekuwa akiambiwa.

Nilitaka kumchukia. Nimejaribu kwa dakika nyingi. Lakini hesabu ya tangi haina kosa. Kosa ni ndoo zangu, na mwanangu anataka kuacha kazi yake kwa kunisadiki mimi.

Jumapili, 14 Aprili

Alipokuja asubuhi nilikuwa nimeweka daftari mezani, nimelipindua, limefunguliwa upande huu. Nikasema, "Soma. Huko nyuma." Nikatoka nje nikasimama kwenye manyunyu. Sikuwa na ujasiri wa kumtazama akisoma ile habari ya kigoda.

Alikawia. Baba Kitinda alitoka akaniletea mwavuli. Baadaye nikasikia kicheko ndani. Kile cha kukoroma! Halafu kikakatika, akatoka na macho mekundu.

"Ndoo tatu, mama?"

"Tatu. Siku moja nne."

"Hiyo ya nne hukuandika."

"Niliona aibu hata kwa daftari."

Akanifuta maji usoni kwa mkono wake, maana mwavuli nilikuwa nimeushika vibaya.

"Unajua kwa nini nilianza kwa Mshonaji?" akasema. "Jua ni kweli. Lakini mtambo wa kwanza huwa ni wa kukosea. Sikutaka kukosea mbele yako."

Nilikuwa na majibu kama saba, yote ya kujisifu. Nikayameza moja moja.

Akaniambia dawa. Chokaa kidogo ya kukata asidi, kupumzika, halafu mbegu mpya kutoka kwenye mtambo mzima. Ndoo kumi na tano za ule uji wa ndani. Mtambo mzima ni mmoja tu hapa.

"Nitakwenda kumwomba mimi," nikasema.

Jumatatu, 15 Aprili

Mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa wanne, kwa hiyo nimekwenda. Nilimkuta Mshonaji kwenye cherehani, anakunja pindo.

"Jirani, mbwa nimekuja."

Hakuinua kichwa. "Mbwa anataka nini?"

"Anaomba ndoo kumi na tano za kinyesi chako."

Cherehani ikasimama. Akavua kile kikofia cha kidole, akaniangalia, midomo ikaanza kumcheza. Tukacheka mpaka akashika meza. Tulipomaliza akasema, tena bila kucheka, "Wangu umeshinda na njaa wiki mbili kwa ajili yako."

"Najua."

"Ila njaa haikuuua. Hauna gesi nyingi, lakini ni mzima. Chukua. Ndoo hizo utabeba mwenyewe, mgongo wangu si unanisumbua?"

Kumbe ilimfikia. Nimebeba zote kumi na tano. Ya tisa imenimwagikia kifuani.

Nilipokuwa naondoka nilimuuliza lile lililokuwa linanichoma. "Kwa nini hukuniambia habari ya mtihani?"

"Hazikuwa habari zangu," akasema, akakanyaga cherehani.

Jumanne, 16 Aprili

Nusu ndoo kwa Mshonaji, nimempelekea mwenyewe mlangoni. Kwangu sijalisha. Wivu haujaisha, nisidanganye. Lakini leo sikupanda kigoda.

Jumapili, 21 Aprili

Karatasi imegeuka rangi kidogo, asidi inapungua. Alama ya kwanza.

Alhamisi, 25 Aprili

Kijiko kimoja cha taka, eti kuonjesha. Nimeupa kama ninavyompa mgonjwa dawa.

Jumatatu, 29 Aprili

Robo ndoo. Umewaka! Moto mdogo kama ukucha, lakini ni wa buluu. Sikumwita mtu. Muuza maziwa alipita, nikamwambia habari za asubuhi tu. Ilinichukua nguvu nyingi.

Ijumaa, 3 Mei

Wakaguzi walikuwa wawili, mama mmoja mwenye miwani na kijana wa kuandika. Kwa Mshonaji moto ulisimama wima, sufuria ikachemka upesi. Kwangu ukawaka nusu yake.

"Huu wa pili una nini?" akauliza yule mama. "Tangi ni lilelile, fundi ni yuleyule."

Kitinda akakohoa. "Ni usimamizi wangu. Nilipaswa…"

"Hapana," nikasema. "Niliulisha mimi, ndoo tatu kwa siku, nikaandika moja. Na taka za ziada niliziiba kwa jirani yangu huyu hapa. Nilitaka mfuko wangu uwe mkubwa kuliko wake. Tangi likachachuka. Mwanangu kagundua kwa karatasi, kalitibu kwa chokaa na mbegu, na leo linawaka. Hesabu yake haina kosa. Mimi ndiye mwenye kosa."

Sijawahi kusema sentensi ya mwisho hiyo mbele ya watu. Baba Kitinda alikohoa kama aliyekabwa na mfupa.

Mama wa miwani akavua miwani. "Kwa hiyo ulikufa ukafufuliwa ndani ya siku ishirini na mbili?"

"Tangi, ndiyo. Mimi bado."

Akacheka, akamgeukia Kitinda, wakaongea muda mrefu mambo ya asidi na joto. Ule mtambo mzima hakuuliza habari zake tena, alitaka habari za uliougua. Mwisho akasema nyumba kumi na mbili zote zijengwe, Kitinda awe fundi mkuu, na kila tangi liandikwe kwa rangi nyeupe: NDOO MOJA KWA SIKU. Tena kila mama wa nyumba afundishwe kwanza. "Na huyu ndiye wa kuwafundisha," akasema, akininyooshea kidole.

Jenereta imekwenda kwa Mshonaji. Ni haki. Lakini waya wa taa umepita juu ya ukuta wangu, na mtu akisimama vizuri, kwa upande, ataona kama unatokea kwangu.

Jumatano, 8 Mei

Somo la kwanza. Wanawake sita. Niliwaambia hakuna mtu mtaa huu anayejua kuvimbiwa kuliko mimi. Wakapiga makofi. Si vibaya.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua zimeisha. Jua linafika mpaka kwenye kivuli cha ukuta.

Saa tisa hivi Kitinda ameingia. Kutoka kazini njia inaanza kufika kwa Mshonaji, ndipo ije kwangu. Ameupita mlango ule. Ana uji wa tangi kuanzia nyweleni mpaka viatuni.

"Mama, nimeharibu. Kwa muuza maziwa. Valvu nimeifunga kinyume, bomba likachomoka, vyote vimemwagikia nguo zake alizoanika. Shuka nyeupe, mama. Sita."

Ulimi ulikuwa tayari. Nilikuwa na la kusema juu ya valvu mbovu za siku hizi, na jingine juu ya muuza maziwa anayeanika shuka pasipostahili. Nikaufunga mdomo. Nikamsukumia kigoda, kile kile. Nikaweka maji ya kuoga juu ya moto wangu, ambao sasa ni mkubwa kama wa watu.

"Halafu?" nikasema.

Akaniambia yote, pole pole, mpaka mwisho. Sikumwita mtu. Langoni sijatoka.

Mshonaji bado hajui. Atajua kesho, najua ataambiwa, na ni sawa tu. Lakini leo hili ni langu.